Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Ukimtaja Abebe Bikila katika bweni letu, kila mtu atakuambia kwamba ni yule Mhabeshi aliyekimbia bila viatu. Baada ya hapo mazungumzo hukatika. Mmoja ataongeza kwamba alikuwa maskini mno hata viatu vilimshinda kununua. Mwingine atasema watu wa milimani wana mapafu yao ya pekee waliyopewa na Mungu, kwa hiyo sisi wengine tusijisumbue. Mimi nimeikimbilia shule yetu mbio za nyika kwa miaka mitatu sasa, na maneno hayo yameanza kunichosha. Nimeyasoma maisha ya mtu huyu mara nyingi, nami naona kwamba habari ya viatu ni kipande kidogo tu, tena si kile kilicho bora. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, nimemwomba Bwana Mhariri anipe kurasa hizi chache.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, katika nchi ya Ethiopia ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Siku ile ile, ng'ambo ya bahari, mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikishindaniwa mjini Los Angeles, Marekani. Watu wapendao ishara huliona jambo hilo kuwa kubwa. Mimi naliona la kufurahisha tu, maana watoto wengi walizaliwa siku hiyo wala hawakushinda kitu. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba na mifugo. Alipokuwa na miaka mitatu, majeshi ya Italia yaliivamia nchi yake, Oktoba 1935, na jamaa zake wakalazimika kuhama wakakaa mahali paitwapo Gorro mpaka mambo yalipotulia. Habari ya Waitalia hao msiisahau, maana tutakutana nayo tena mbele.

Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa kwao, na alipenda sana mchezo uitwao gena. Huu ni mchezo wa Wahabeshi unaochezwa wakati wa Krismasi, kwa fimbo zilizopinda na kijimpira. Magoli yaweza kuwa mbali mno, pengine kilomita nzima na zaidi, na wachezaji hufukuzana mabondeni mchana kutwa. Sisi tunaolalamika kwamba kiwanja chetu cha mpira ni kirefu tungepata taabu kweli kweli.

Kama mwaka 1952 hivi alikwenda mji mkuu, Addis Ababa, akaandikwa katika Askari Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kazi yake ilikuwa kazi ya askari wa kawaida: gwaride, zamu, na mazoezi ya mwili. Addis Ababa ipo zaidi ya meta 2,300 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Abebe alikuwa akikimbia kutoka vilima vya Sululta mpaka mjini, kilomita 20, na kurudi vile vile. Wakati huo hakuna aliyemjua nje ya kambi yake. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini, umri ambao wakimbiaji wengi wa siku hizi wamekwisha kupata sifa na fedha.

Sasa aingie mtu wa pili katika habari hii, Mswidi aitwaye Onni Niskanen, aliyefika Ethiopia mwaka 1946 kufundisha michezo. Niskanen hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na saa yake na daftari lake. Aliwafundisha askari kukimbia kwa vipande: kipande cha upesi, mapumziko mafupi, kisha kipande kingine, na tena, na tena, hata mwili uzoee kuendelea wakati unapotaka kusimama. Siku nyingine aliwapandisha milima, siku nyingine aliwapeleka mwendo mrefu barabarani. Mwaka baada ya mwaka kazi ilikuwa ile ile. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wasiruke mistari ili wafike upesi Roma, kama sisi wengine tunavyoruka mazoezi ya muhula mzima tukaanza kukimbia wiki mbili kabla ya mashindano ya wilaya, halafu tukalaumu uji wa asubuhi.

Matunda yalionekana mwaka 1960. Abebe alishinda mbio za marathoni mjini Addis Ababa, kisha baada ya muda mfupi akashinda tena kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Tazameni hesabu hiyo vizuri. Rekodi ya Olimpiki wakati huo, iliyowekwa mwaka 1952 na Emil Zátopek wa Chekoslovakia, ilikuwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3. Abebe alikuwa amekwisha kuipita, nyumbani kwake, katika hewa nyepesi, bila wageni kumtazama. Magazeti ya Ulaya hayakuamini au hayakujali. Baadaye watu walipouita ushindi wake wa Roma muujiza, walikuwa hawajasoma daftari la Niskanen.

Basi Wahabeshi wakaenda Roma. Mambo ya viatu yalikuwa hivi. Viatu vya Abebe vilikuwa vimechakaa, na vipya alivyojaribu kule havikumkaa, vikamfanyia malengelenge. Katika mazoezi kwao alikuwa amezoea kukimbia kwa miguu mitupu pia, na nyayo zake zilikuwa ngumu kama soli. Yeye na mwalimu wake wakaona ni afadhali miguu mitupu iliyo mizima kuliko viatu vyenye kuumiza. Ni hayo tu. Umaskini haukuwa sababu, wala hakutaka watu wamtazame. Ilikuwa hesabu ya mtu anayeujua mwili wake, na ilifanywa kwa moyo mtulivu siku ambazo wengine hubabaika. Naomba nitie neno langu hapa: mara nyingi nimeona mkimbiaji mzuri akaharibikiwa asubuhi ya mashindano kwa sababu ya kitu kidogo, kamba ya kiatu au namba iliyopotea, na moyo wake ukawa umeshindwa kabla ya miguu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 10 Septemba, 1960. Waitalia waliogopa joto la mchana, wakaamua mbio zianze saa 11 na nusu jioni na kwisha usiku. Wakimbiaji 69 walipangwa mbele ya ngazi za Capitolium, na mwisho ungekuwa chini ya Tao la Konstantino, karibu na Kolosai. Hakuna aliyeingia kiwanjani kama ilivyo desturi; walikimbia katika mji wa kale wenyewe, na sehemu ya njia ilikuwa ile barabara ya zamani ya mawe iitwayo Via Appia. Giza lilipoingia, askari walisimama kando ya njia wakiwa na mienge mikononi.

Niskanen alikuwa amempa Abebe maagizo, na moja lilikuwa kumchunga Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, ambaye angevaa namba 26. Lakini Rhadi hakuvaa namba hiyo. Alivaa namba 185, aliyokuwa nayo katika mbio za meta 10,000. Abebe, mwenye namba 11, akaenda akiwapita watu mmoja mmoja na kuitafuta namba 26 mbele yake. Walipokaribia nusu ya njia walikuwa wamebaki wawili tu mbele ya wote, yeye na mtu mwenye namba 185, bega kwa bega. Wakaenda hivyo kilomita baada ya kilomita. Abebe hakujua kwamba yule anayemtafuta ndiye aliye ubavuni pake. Alidhani yuko mbele zaidi, gizani.

Nimelifikiri sana jambo hili. Kukimbia karibu saa nzima kando ya mtu usiyemjua, huku ukidhani adui yako yuko mbele huonekani naye, ni jambo la kumchanganya mtu. Wengi wangetoka mbio kumfukuza yule wa kuwaziwa na kujimaliza. Abebe hakuongeza mwendo kwa hofu wala hakupunguza kwa kukata tamaa. Alishika mwendo aliofundishwa. Mwalimu wetu wa michezo hutuambia kila siku tuangalie mwendo wetu na kuacha kugeuza shingo, nasi huitika na kugeuza shingo vile vile.

Karibu na mwisho ilikuwapo nguzo ndefu ya jiwe, mnara wa Aksum. Mnara huu ulichongwa na Wahabeshi wa kale zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na Waitalia walioivamia nchi waliuchukua mwaka 1937 wakausimamisha Roma, mbele ya wizara yao ya makoloni, jumba ambalo baadaye lilikuwa ofisi za shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Abebe na mwalimu wake walipokagua njia kabla ya mashindano waliuona, wakakubaliana kwamba baada ya hapo, njia ikielekea mwisho, ndipo pa kutoa nguvu zote zilizobaki. Basi ikawa hivyo. Akamwacha Rhadi nyuma, akaingia chini ya tao peke yake. Saa ilionyesha saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Rhadi alifika baada ya sekunde 25, na Barry Magee wa New Zealand akawa wa tatu. Mhabeshi mwingine, Abebe Wakjira, alikuwa wa saba.

Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia marathoni upesi hivyo. Mrusi Sergei Popov, aliyeshika rekodi tangu 1958, alipitwa kwa sehemu ndogo ya sekunde moja tu, na Popov mwenyewe alikuwamo katika mbio hizo akawa wa tano. Na kwa mara ya kwanza Mwafrika mweusi aliyekimbia kwa bendera ya nchi yake ya Afrika alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Alipofika hakuanguka chini. Alitembea, akanyosha viungo, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Kurudi nyumbani kulikuwa kwa shangwe kubwa, naye akapandishwa cheo. Lakini furaha haikudumu. Desemba mwaka ule ule mkuu wa Askari Walinzi, Mengistu Neway, alijaribu kumwondoa Mfalme wakati Mfalme alipokuwa safarini Brazil. Jaribio likashindwa, damu ikamwagika mjini. Abebe alikuwa askari wa jeshi hilo hilo, naye akawekwa kizuizini kwa muda, kisha akaachiliwa maana hakuonekana na hatia. Miezi mitatu baada ya Roma!

Mwaka 1961 alishinda Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, yeye na mwenzake Mamo Wolde. Wawili hao waliongoza kwa mwendo mkali sehemu kubwa ya njia, kisha upepo wa baridi kutoka baharini ukawakuta vilimani na misuli ikakakamaa. Abebe akawa wa tano. Alirudi nyumbani akaendelea na mazoezi. Siku hizo hazina hadithi kubwa, ndiyo sababu vitabu huzipita upesi, nami nimezipita pia.

Sasa Tokyo. Mashindano ya marathoni yalipangwa kuwa tarehe 21 Oktoba, 1964. Katikati ya Septemba, kama wiki tano tu kabla ya siku hiyo, Abebe alishikwa na maumivu makali ya tumbo katika mazoezi. Ilikuwa ni kidole tumbo. Alipasuliwa tarehe 16 Septemba. Mtu yeyote aliyemwona ndugu yake akitoka hospitali baada ya upasuaji wa tumbo anajua jinsi hata kukohoa kunavyomuuma. Abebe alianza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, akafika Japani wakati watu wengi walidhani amekuja kutazama tu. Hapa watu husema ni ushujaa, nami sikatai. Lakini niongeze kwamba mwili uliopasuliwa ulikuwa na miaka minane ya kazi ndani yake. Wiki tano za kulala na kutembea hazikuweza kuifuta. Anayejiandaa kwa wiki mbili, kidole tumbo kikimshika, hana akiba ya kula.

Safari hii alivaa viatu na soksi nyeupe. Mwanzoni Ron Clarke wa Australia aliongoza kwa kasi. Abebe alimfuata, kisha katikati ya njia akawaacha wote. Jim Hogan wa Ireland alijitahidi kubaki wa pili kwa muda mrefu, mwisho akashindwa akatoka. Abebe akaingia uwanjani peke yake, watu maelfu kwa maelfu wakasimama. Saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, rekodi mpya ya dunia. Kisha akaenda kwenye majani katikati ya uwanja akalala chali na kuanza mazoezi ya viungo, miguu juu, kama mtu anayejitayarisha kuanza. Dakika nne nzima zilipita kabla ya wa pili kumaliza, naye alikuwa Basil Heatley wa Uingereza, aliyempita Mjapani Kokichi Tsuburaya humo humo uwanjani mbele ya wananchi wenzake. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Baada yake wameweza wawili tu, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1976 na 1980, na Eliud Kipchoge wa Kenya mwaka 2016 na 2021.

Mfalme alimpandisha cheo tena akampa motokaa ndogo nyeupe, Volkswagen.

Nimefika mahali panaponipa taabu. Mwaka 1968 Abebe alikwenda Mexico kujaribu mara ya tatu. Alikuwa na miaka 36 na mguu wake ulikuwa umemsumbua tangu mwaka uliotangulia. Mbio zilianza, na kama kilomita 16 hivi mbele akatoka njiani. Hakumaliza. Mfupa mwembamba wa mguu, chini ya goti, ulikuwa na ufa. Mamo Wolde akaendelea na kushinda, nishani ikabaki kwa Wahabeshi.

Siku hiyo hiyo, katika mbio hizo hizo, alikuwamo John Stephen Akhwari wa Tanzania, jirani yetu. Yeye alianguka njiani akaumia goti vibaya. Akafungwa kitambaa, akaendelea kwa kuchechemea, na kuingia uwanjani usiku watu wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa saa 3 na dakika 25. Picha ya Akhwari na kitambaa chake mguuni imekwenda dunia nzima, na haki yake.

Katika shule nyingi watu wamemfanya Akhwari kuwa sheria: atakayesimama ni mwoga. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, ambaye simtaji jina, alianza mbio za nyika na maumivu katika mfupa wa mguu. Alipotaka kusimama, watu kando ya njia walimzomea, wengine wakalitaja jina la Akhwari, naye akaendelea kuchechemea mpaka mwisho wakampigia makofi. Daktari alipoupiga mguu picha akaona ufa. Hajakimbia tena hata leo. Tangu nilipofanywa kapteni wa mbio neno hili limenikalia moyoni, kwa kuwa sasa ni mimi ambaye wenye maumivu hunijia, nami hunipasa kusema endelea au kaa chini, na wala si daktari.

Mtu aliyeshinda Roma na Tokyo alitoka njiani Mexico, mbele ya watu wote. Nani atamwita mwoga? Mtu aliyevumilia kidole tumbo alijua tofauti kati ya uchungu unaopita na uchungu wa mfupa uliokatika, na nadhani kuijua tofauti hiyo ni sehemu ya ukakamavu wake, si upungufu. Najua baadhi ya wenzangu hawatakubali. Wataniuliza, je, Akhwari alikosea? Sisemi hivyo. Mtu mzima aliyetumwa na taifa lake, mara moja katika maisha yake, alichagua kulipa gharama aliyoiona. Kijana wa miaka 16 katika mashindano ya mabweni hana sababu ya kuilipa, na sisi tuliosimama kando ya njia hatuna haki ya kumlipisha.

Yaliyobaki ni mazito, na kwangu mimi ndiyo yanayomfanya Abebe kuwa mkubwa kuliko nishani zake.

Usiku wa tarehe 22 Machi, 1969, alipokuwa akiendesha ile Volkswagen, gari lilipinduka. Alibaki ndani, amebanwa, mpaka asubuhi alipotolewa. Shingo yake ilikuwa imeumia na uti wa mgongo umeharibika. Alikuwa amepooza, hata kichwa hawezi kukigeuza. Baada ya wiki moja akapelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville.

Hospitali hiyo ilikuwa na mwanzo wake wa ajabu. Mwaka 1944 daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, Ludwig Guttmann, alifungua hapo wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Zamani watu wa namna hiyo walilazwa tu, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kisha akawatia katika michezo ili mikono na moyo vipate nguvu. Tarehe 29 Julai, 1948, alifanya mashindano ya kwanza ya kulenga shabaha kwa upinde, watu 16 wote katika viti vya magurudumu. Mashindano hayo yalikua. Na mwaka 1960 yalifanyika Roma. Yalifunguliwa tarehe 18 Septemba, siku nane tu baada ya Abebe kupita chini ya Tao la Konstantino. Leo hii michezo hiyo ya Roma huhesabiwa kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza. Sijui kama Abebe alizitupia macho habari zake wakati ule. Lakini miaka tisa baadaye alikuwa amelala katika hospitali ya mtu yule yule.

Alikaa huko miezi minane. Barua zilimfika kutoka pande zote za dunia, na Malkia Elizabeth alikuja kumtazama. Polepole shingo ikageuka, mikono ikarudi. Miguu haikurudi. Hapa hakuna saa wala rekodi, ndiyo maana ni vigumu kuusimulia mwaka huo. Mtu aliyezoea kukimbia kilomita 40 alianza kufundishwa kuketi bila kuanguka. Kisha kusukuma kiti. Kisha kuvuta upinde. Nikiwaza jambo hili naona ni kazi ile ile ya Niskanen: kipande, mapumziko, kipande tena, ila sasa hakuna nishani mwishoni, wala matumaini ya kukimbia.

Mwaka 1970 alishindana huko huko Stoke Mandeville kwa upinde na mshale. Mwaka 1971 alialikwa Norwei katika michezo ya watu wenye ulemavu, awe mgeni wa heshima. Hakukubali kuketi tu. Alicheza mpira wa meza, akalenga shabaha, na katika mashindano ya kuteleza juu ya theluji kwa chombo kiitwacho sleji akawashinda wote. Mhabeshi aliyelelewa mahali pasipo theluji, asiye na nguvu za miguu! Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, nikamwamsha jirani yangu bwenini nimsimulie, naye hakunishukuru.

Mwaka 1972 alialikwa Munich katika Michezo ya Olimpiki, akiwa katika kiti chake. Ilikuwa katika michezo hiyo John Akii-Bua alipoipatia Uganda yetu dhahabu ya kwanza, katika mbio za meta 400 za kuruka viunzi. Mmarekani Frank Shorter alishinda marathoni, na Mamo Wolde, akiwa na miaka 40, akawa wa tatu. Baada ya kuvishwa nishani yake Shorter alimwendea Abebe akampa mkono.

Abebe Bikila alifariki mjini Addis Ababa tarehe 25 Oktoba, 1973, kwa damu kuvuja katika ubongo, jambo lililotokana na ajali ile. Alikuwa na miaka 41. Watu makumi ya maelfu walimsindikiza, na Mfalme Haile Selassie mwenyewe alikuwapo, mwaka mmoja kabla ya yeye naye kuondolewa katika kiti chake. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu Yosefu. Uwanja mmoja wa michezo mjini humo umepewa jina lake. Mwaka 2010, Mhabeshi mwenzake Siraj Gena alipoongoza marathoni ya Roma, alivua viatu vyake zilipobaki kama meta 300 akamaliza kwa miguu mitupu, kumkumbuka mzee huyo baada ya miaka 50.

Mnara wa Aksum ulikaa Roma mpaka mwaka 2005. Waitalia waliukata vipande vitatu wakaurudisha Ethiopia kwa ndege, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena mahali pake pa asili.